Mbao ya Kushoto

Cutter Creek, Montana
11 Oktoba 1987

Dada Thora,

Kadi yako ya pole nimeipata. Ina picha ya maua. Nimeiweka juu ya friji pamoja na nyingine thelathini na kitu, na zote zina maua.

Lyle tulimzika tarehe 25 Septemba, ubavuni mwa mama yake. Walikuja watu wengi kuliko nilivyotarajia, hata wale waliofukuzwa naye kwenye kiwanda cha mbao. Mchungaji alisema maneno machache, akashuka. Wewe hukuja. Gari bovu, umeandika. Haya. Basi la kutoka Duluth linafika Missoula kila siku, na mimi ningekuja kukupokea hata kwa toroli. Sikuwa na mtoto mwingine, na yeye hakuwa na shangazi mwingine. Nimelisema hilo na sitalirudia.

Simu nimeichomoa ukutani. Kila anayepiga ananiambia ajali haina kinga. Alikuwa akisafisha bunduki ya kuwindia, kama nilivyokueleza, na hakuna zaidi ya hapo.

Juzi naibu wa mkuu wa polisi aliniletea vitu vyake: saa, pochi, na ile bastola ya baba. Kijana hakunitazama usoni, alikuwa akiizungusha kofia yake mkononi. "Mzee Brekke, ukitaka sisi tuiharibu, sema, naondoka nayo sasa hivi." Nikamwambia baba yangu aliibeba Ufaransa mwaka 1918, na mtoto aliyejifunza juzi kufunga kamba za viatu hawezi kunipangia la kuifanya. Akaiacha mezani, akaenda zake.

Basi nimepata kazi. Lyle alinisumbua miaka miwili: "Baba, utanichongea lini mbao za mpini wa bastola ya babu?" Zile za zamani zilikuwa zimelika, laini kama sabuni iliyobaki kwenye sinki. Mimi jibu langu likawa lile lile, majira ya baridi, nikipata nafasi. Sasa nafasi ninayo. Zile kuukuu nimezifungua skrubu na kuzitupa ndani ya jiko zikaungua. Nina kipande cha mti wa mjozi nilichokihifadhi tangu mke wangu Verna alipokuwa hai.

Mdogo wako,
Halvor

*

Duluth, Minnesota
20 Oktoba 1987

Mdogo wangu Hal,

Hujambo? Sisi hatujambo, tunaendelea. Shemeji yako Emmett anakusalimu.

Una haki ya kunikasirikia, wala sitajitetea. Nilitaka kuja. Naomba uniamini hilo moja tu, mengine niache nayo.

Unakula? Najua akina mama wa kanisa wanakuletea makaroni na jibini mpaka friji haifungi, na najua unavyoyachukia. Uyale hivyo hivyo.

Nieleze hiyo kazi ya mbao. Emmett ananicheka, anasema bibi wa miaka sitini na saba ameanza kuulizia bastola. Nieleze tu. Siku hizi nakaa sana kitini, nina muda wa kusoma barua ndefu.

Na jambo la pili. Ulisema ilikuwa bunduki ya kuwindia. Sasa bastola ya baba ilifikaje mikononi mwa polisi?

Dada yako akupendaye,
Thora

*

Cutter Creek
8 Novemba 1987

Dada,

Umeuliza mawili. Najibu la kazi.

Mbao ni mbili, ya kushoto na ya kulia, kila moja ndogo kuliko kiganja chako. Kwanza unakata umbo, unatoboa tundu za skrubu, unapiga msasa mpaka mbao ilale juu ya chuma bila mwanya. Halafu unachora kwa penseli mistari mama miwili, inapishana kama mkasi uliofunguliwa. Hapo ndipo penye roho ya kazi. Kisu chake kina safu mbili za meno. Safu moja inatembea ndani ya mfereji uliokwisha kuukata, ya pili inakata mfereji mpya pembeni yake. Kwa hiyo kila mstari unaufuata ulioutangulia. Wa tatu ukipinda upana wa unywele, wa ishirini utakuwa umepinda kama mguu wa nyuma wa mbwa, na hakuna dawa.

Ukimaliza upande mmoja unageuza, unakata wa pili, na pale mistari inapokutana vinasimama vijialmasi vyenye ncha, mamia kwa mamia. Ndivyo vinavyoshika kiganja kisiteleze. Kisha unarudia kila mfereji kwa tupa nyembamba, mara mbili, mara tatu, mpaka ncha zisimame sawa, unafagia vumbi kwa mswaki mkavu. Mistari kumi na minane kwa inchi. Siku hizi wana mashine. Mimi nina macho mabovu, nimevaa miwani ya Verna juu ya yangu, Bi Pruitt jirani yangu akapita dirishani akasema nafanana na nzi.

Nakata mistari mitano kwa siku, asubuhi, mwanga ukiwa mzuri. Mkono ukitulia kichwa nacho kinatulia. Nikiweka kisu chini yanarudi yote, yananikuta pale pale kitini.

Halvor

*

Duluth
16 Novemba 1987

Mdogo wangu,

Umejibu moja, la pili nimejibiwa na mwingine. Bi Pruitt amenipigia simu. "Thora, mimi si mtu wa umbea," akaanza, kisha akazungumza dakika arobaini.

Kwa nini hukuniambia, Hal? Mimi ndiye niliyekuogesha ulipokuwa mtoto mchanga, mama akiwa hajiwezi. Ni kitu gani chako nisichoweza kukiona? Lyle alijiua, na kwa bastola ile ile uliyoilaza juu ya meza unayolia chakula. Nimeandika neno lenyewe ili wewe usilazimike kuliandika.

Itoe nyumbani. Mpe Bi Pruitt, mpe mchungaji, mrudishie yule kijana wa kofia. Mbao endelea nazo, chuma si lazima kikae karibu yako.

Na uniambie, ukimaliza kuchonga, utafanya nini?

Thora

*

Cutter Creek
6 Desemba 1987

Dada,

Haya. Kwa kuwa Bi Pruitt hakusema lote, maana hakuwepo, nitakuambia mimi.

Jumapili ya tarehe 20 Septemba Lyle alikuja hapa. Nilikuwa chumba cha chini, nakipaka mafuta kitako cha bunduki ya mteja wangu mmoja, daktari wa meno. Akasimama katikati ya ngazi. "Baba, una dakika?" Nikamjibu bila kugeuka, "Mafuta haya yakikauka vibaya naanza upya. Kahawa iko juu, jimiminie." Akasema, "Sawa, baba." Nilipanda baada ya saa nzima. Hakuwepo. Kikombe chake alikiosha, akakifudikiza juu ya kitambaa. Jumatatu mchana polisi wakaja kunigongea mlango.

Bastola nilimpa mimi mwenyewe, alipotimiza miaka thelathini, kwa mkono huu.

Sikukuambia kwa sababu nikisema ajali, zipo siku ninaamini.

Chuma hakitoki humu ndani. Nikimaliza, nitakuwa nimemaliza. Usinisukume.

Mbao ya kushoto iko tayari. Nakutumia ndani ya kopo la biskuti, maana sina mwingine wa kumwonyesha. Baba alikuwa seremala, na jicho lake ulilirithi wewe. Itazame halafu uirudishe. Ya kulia nitaimaliza Februari, basi.

Halvor

*

Duluth
4 Januari 1988

Hal,

Mbao ilifika kabla ya Krismasi. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kuiangalia kwenye mwanga wa siku mbalimbali, nisije nikakuonea.

Sitakudanganya. Ile kona ya chini, nyuma ya tundu la skrubu, mistari minne imelala. Mtu mwingine hataiona. Baba angeiona akiwa mlangoni. Unakumbuka alikuwa akisema nini akiletewa kazi ya namna hiyo? Alikuwa akisema neno moja tu: kuni. Nami nakuambia hivyo hivyo. Nimeitia kwenye jiko.

Lyle alingoja miaka miwili. Hakungoja apewe hiyo.

Anza upya. Na kama kweli unajiita fundi, acha hiyo mistari kumi na minane ya mtu wa haraka, kata ishirini na minne kwa inchi. Emmett amekata kipande kwenye bawa la meza ya mama, ule ubao wa pembeni wa kukunja uliokuwa umepasuka. Ni mjozi wa miaka themanini, umekauka vizuri. Nakutumia. Kinatosha mbao mbili na ya tatu ya kuharibu.

Usiharakishe. Mimi nangoja.

Thora

*

Cutter Creek
17 Januari 1988

Thora,

Umeichoma. Wiki nane za kazi yangu umezipikia kahawa.

Nilisoma barua yako nimesimama posta, nikafoka peke yangu hata karani akaniuliza kama nahitaji kiti. Kuni! Mtu ambaye tangu azaliwe hajawahi kukata mkate ukanyooka ndiye ananiambia mimi mistari imelala. Chapati zako za viazi, dada, mama alikuwa akizificha wageni wasizione.

Siku mbili sikushika kitu. Nilikuwa natembea humu ndani nakugombeza kwa sauti. Bi Pruitt akagonga akauliza nina mgeni. Nikamwambia ndiyo, dada yangu, na hajui kunyamaza.

Siku ya tatu nilinoa kisu. Ishirini na minne kwa inchi unaitaka, utaipata. Nimeanza na ya kushoto tena. Ni kazi ya kipumbavu, mifereji ni myembamba kama mshono, nakata miwili kwa siku na jicho linamwaga machozi. Mjozi wa mama ni mgumu lakini hautoi nyuzi.

Nikikutumia hii utaitundika ukutani na utaomba radhi kwa maandishi.

Halvor

*

Duluth
20 Februari 1988

Mdogo wangu,

Mwandiko ni wa Emmett, maneno ni yangu. Nilianguka kwenye barafu mlangoni, mkono wa kulia umefungwa. Usicheke.

Barua yako ya matusi nimeipenda kuliko zote. Emmett ameisoma mara tatu.

Nakuomba kitu, na sikuombi mara nyingi. Mbao zichonge, ni za Lyle, ni haki yake na uliahidi. Lakini kile chuma hakina haki yoyote kwako. Baba alikibeba vitani kwa kuwa aliamrishwa, na aliporudi alikifungia kwenye sanduku, hakukishika tena mpaka anakufa. Sisi ndio tuliokifanya urithi. Mpelekee mtu mwenye moto, akikate.

Hapana haja ya kuniahidi. Kifanye, kisha uniandikie kwamba umekifanya. Hakuna barua ninayoingoja kama hiyo.

Nimechoka kidogo leo. Hapa Emmett ananiambia nipumzike, na kama unavyomjua, akisema jambo ni mara moja tu, kwa hiyo namsikiliza.

Thora

*

Cutter Creek
10 Machi 1988

Dada Thora,

Nimekifanya.

Jana Jumatano, saa tano asubuhi, nimemaliza mbao zote mbili. Ishirini na minne kwa inchi. Nimezipaka mafuta ya kitani, nikazilaza dirishani sambamba, nikatafuta kosa kwa miwani mbili kisha kwa tatu. Sikuliona. Na wewe njoo ulitafute, ukilipata nitakula kofia yangu.

Sasa nikuambie jambo ambalo nadhani ulilijua. Nilikuwa nimejipangia siku. Ilikuwa ndiyo siku nitakayokaza skrubu ya mwisho. Nilikuwa nakata mistari kuelekea huko, mmoja mmoja, na nilikuwa na amani nayo. Halafu wewe ukaichoma mbao, na mimi nikawa na hasira nyingi mno hata nisiweze kufa. Jana skrubu zilikuwa mezani. Nikakaa. Nikaitafuta ile nia nilikoiweka. Kilichokuwepo ni njaa. Sijui kukueleza vizuri zaidi ya hapo. Huzuni iko pale pale, haijapungua hata kijiko, ila ile nyingine sikuikuta.

Leo asubuhi nimekwenda kwa Gus Tveit, fundi wa kuchomelea, tuliyefanya naye kazi kwenye reli. Akaigeuza mkononi. "Hal, hii ya mwaka kumi na nane. Kuna watu wangeuza ng'ombe waipate."

"Waje na ng'ombe wao kesho," nikamwambia. "Washa moto."

"Una hakika?"

"Dada yangu ana hakika. Mimi nimeleta tu."

Akaikata vipande vitatu. Muda wa sigara moja haukuisha. Nilidhani nitasikia kitu kikubwa. Nilisikia baridi miguuni.

Mbao nitakuletea mwenyewe, Pasaka. Kwa basi, lile lile ulilokataa kupanda.

Mdogo wako,
Hal

*

Duluth
15 Machi 1988

Shemeji Halvor,

Thora amefariki. Ilikuwa Jumatano tarehe 9, saa nane mchana, hapa nyumbani. Tumemzika Jumamosi. Barua yako ya tarehe 10 imeingia jana.

Simu yako umeichomoa, na Bi Pruitt yuko kwa binti yake Spokane. Ningeweza kumwomba mkuu wa polisi wa huko atume mtu. Sikutaka askari akugongee mlango mara ya pili.

Ilikuwa saratani ya titi. Alipasuliwa tarehe 24 Septemba, siku moja kabla ya kumzika Lyle. Gari letu halikuwa na ubovu wowote. Januari madaktari walisema imefika kwenye mifupa. Hakuanguka kwenye barafu. Mkono uliacha tu kushika kalamu.

Nilimwambia akuambie. Tuligombana, na sisi hatukuwa watu wa kugombana. Akasema, "Emmett, yule ana kamba moja tu mkononi. Akijua nami naondoka, ataimaliza ile mbao wiki hii." Akanikataza. Nikatii, na sijui kama nilifanya sawa.

Kuhusu ile mbao ya kwanza. Haikupinda. Niliipima mwenyewe kwa rula na kwa lenzi, mistari ilikuwa imenyooka yote. Alipokuandikia kwamba imelala, alilia, maana alijua ilikugharimu nini. Hakuichoma. Alikaa nayo kitandani tangu Krismasi, anapitisha kidole gumba juu yake maumivu yakimzidi. Wiki ya mwisho ilikuwa imelika ncha upande mmoja. Nimemzika nayo. Sikukuuliza, na sitaomba radhi.

Sikuandikii ili nikufariji, Halvor. Sina cha kumfariji mtu. Mwezi huu wa mwisho nilikuwa namsomea barua zako, macho yake yalikuwa yamechoka. Zipo nne, tano na hii iliyochelewa. Hakuna hata moja uliyomwuliza u hali gani. Nilimwonyesha hilo mara moja, nikiwa na hasira. Akasema, "Amenoa kisu, umesikia? Soma tena hapo aliponoa kisu."

Alikuwa anaingoja ile barua ya chuma. Kila mleta barua alipopita aliniuliza. Jumatano asubuhi aliniuliza tena.

Emmett Lindgren

*

Cutter Creek
24 Machi 1988

Shemeji Emmett,

U hali gani? Unalala? Kuna mtu anayekupikia?

Nimekaa na barua yako siku tano, kila siku naanza jibu na kulichana. Hasira zako ni haki yangu, sizikatai hata moja. Nilikuwa na dada anayekufa, nami namtukania chapati.

Simu nimeirudisha ukutani. Ikilia naishika. Mara nyingi ni watu wanauza madirisha.

Napanda basi Jumatatu. Nitafika Duluth Jumanne jioni, na kama hutaki kuniona nitakwenda makaburini moja kwa moja kisha nirudi, sitakulaumu. Nitahitaji tu uniambie ni upande gani, karibu na nani. Ukikubali, nitakaa kadiri utakavyonivumilia. Najua kuosha vyombo na kunyamaza.

Bastola haipo, uniamini. Gus alivitupa vipande kwenye pipa la vyuma chakavu mbele ya macho yangu. Wala usiogope kwa ajili yangu. Sitakufanyia wewe alichokuwa anakiogopa yeye, baada ya gharama aliyoilipa. Nitaishi. Sisemi kwa furaha, nasema kama mtu aliyekwisha kupangiwa zamu.

Jambo moja nakuambia wewe kwa kuwa sina mwingine, na ukishalisoma uichane barua. Nimehesabu saa. Huko kwenu saa nane mchana ni saa saba hapa. Jumatano ile, saa saba, mbao zilikuwa dirishani zinakauka. Nilikaanga viazi na nyama, nikala sahani nzima nikaongeza, nikacheka peke yangu nikifikiria uso wake atakapozipima akakosa kosa. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu Septemba. Nilifungua dirisha. Nilikuwa na furaha, Emmett, na saa ile ndiyo aliyokuwa anakata roho, hajui kama bastola nimeikata au bado.

Halvor